Tusingoje Mtoto Alie

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka saba aling'olewa jino. Jioni ganzi ikaisha, akaanza kulia. Nikavunja aspirini nusu, kama mama alivyokuwa akitufanyia sisi. Jirani yetu muuguzi akanishika mkono. Mtoto aliye chini ya miaka 16 hapewi aspirini bila amri ya daktari, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo. Apewe parasetamoli: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku.

Kosa langu la pili lilikuwa kungoja kilio. Dozi ya kwanza hutolewa ganzi ingalipo. Wazazi wenzangu, tupime kwa mizani, si kwa macho.