Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 (Tanzania)

Sheria ya Watu wenye Ulemavu (Namba 9 ya mwaka 2010) ni sheria ya Tanzania Bara inayoweka haki za watu wenye ulemavu pamoja na vyombo vya kuzisimamia. Ilipitishwa na Bunge mwaka 2010 na kutiwa saini na Rais Jakaya Mrisho Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika wilaya ya Bagamoyo. Ilichukua nafasi ya sheria mbili za mwaka 1982, moja kuhusu ajira na nyingine kuhusu matunzo.

Sheria hiyo iliunda Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu wenye Ulemavu na kamati zinazoshuka kutoka mkoani hadi kijijini au mtaani. Haihusu Zanzibar, ambako suala hili lina sheria na baraza lake.

Jina

Kiswahili cha zamani kiliweka majina mengi ya ulemavu katika ngeli ya ki-/vi-: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, ingawa bubu liko nje. Ni ngeli ileile ya kiti na kikapu. Baadaye "mlemavu" na "walemavu" yaliingia katika matumizi ya serikali, na baada ya hapo yakaja "mtu mwenye ulemavu" na "watu wenye ulemavu", yanayomtaja mtu kwanza. Sheria ya 2010 inatumia haya ya mwisho. Si kila kundi lilifuata njia moja. Chama cha Wasioona Tanzania kimeliacha neno "vipofu", lakini Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinaendelea kuitwa hivyo kwa hiari ya wanachama wake, ambao hawaoni tusi katika neno kiziwi.

Maana ya ulemavu nayo ilibadilika. Sheria ya 2010 inaueleza kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii kwa usawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Neno "kijamii" hapo si dogo. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu akishindwa kuingia katika ofisi yenye ngazi tu, kwa maana hii sehemu ya ulemavu wake iko katika ngazi.

Sheria za 1982

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Julius Nyerere, Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira kwa Walemavu (Namba 2) na Sheria ya Matunzo na Malezi ya Walemavu (Namba 3).

Ya kwanza ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ahakikishe asilimia 2 yao ni watu wenye ulemavu. Iliandikwa wakati viwanda, mashamba na mashirika ya umma yalikuwa waajiri wakubwa nchini, na mwajiri mmoja wa kumshughulikia alikuwa Serikali yenyewe. Ya pili iligawa mzigo wa matunzo kati ya familia, ndugu, serikali za mitaa, Serikali Kuu na mashirika ya hiari. Kwa wakati wake lilikuwa jambo jema, lakini ndani yake mtu mwenye ulemavu ni wa kutunzwa, na hakuulizwa sana anataka nini mwenyewe.

Miaka ya 1980 na 1990 uchumi uligeuka. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na sharti la asilimia 2 likabaki bila waajiri liliowalenga.

Njia ya kuelekea 2010

Vyama vya watu wenye ulemavu viliungana mwaka 1992 kuunda Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA). Mwaka 2004 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Huduma na Maendeleo ya Watu wenye Ulemavu. Sera, hata hivyo, si sheria, na mtu hawezi kwenda nayo mahakamani kudai haki yake.

Mambo mawili yalisukuma kazi mbele. La kwanza ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Tanzania iliutia saini mwaka 2007 na kuuridhia Novemba 2009. La pili lilitokea nyumbani. Katika miaka hiyohiyo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu za ushirikina, hasa Kanda ya Ziwa, na habari hizo zilifika duniani kote. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na hivyo Bunge lililojadili sheria mpya lilikuwa na mbunge mwenye ualbino ndani yake. Miezi michache baada ya sheria kupita, katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010, Salum Khalfan Bar'wani wa Lindi Mjini alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo.

Baraza na kamati

Jina la Baraza linaeleza kazi yake: kumshauri Waziri. Baraza linamshauri kuhusu sera, sheria na mipango inayowagusa watu wenye ulemavu, na watu wenye ulemavu wenyewe wamo katika wajumbe wake. Mkataba wa kimataifa unadai jambo hilo katika ibara ya 4, inayotaka Serikali ishauriane na watu hao kupitia vyama vyao.

Ila ibara ya 33 ya mkataba huohuo inakwenda mbali zaidi. Inataka kila nchi iwe na sehemu ya Serikali inayoshughulikia utekelezaji, na pia chombo huru cha kuufuatilia. Mshauri na mfuatiliaji ni watu wawili tofauti. Mshauri husubiri kusikilizwa, na Waziri anaweza kuukubali ushauri wake au kuuweka kabatini. Mfuatiliaji hukagua na kutoa taarifa hata kama Waziri hapendi. Tanzania Bara ina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inayoweza kupokea malalamiko ya watu wote, wakiwemo watu wenye ulemavu, lakini Baraza lenyewe lilibaki la ushauri. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mageuzi ya 2010: haki ziliongezwa sana, nguvu za chombo cha kuzisimamia ziliongezwa kidogo.

Sheria ilianzisha pia Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu. Kanuni za kuitekeleza zilitolewa mwaka 2012.

Chini ya Baraza kuna kamati za mkoa, halmashauri, kata, na kijiji au mtaa. Mwananchi wa kawaida hawezi kulifikia Baraza la taifa, lakini mwenyekiti wa kijiji anamfahamu. Kamati ya kijiji ndiyo inayoweza kujua kwamba nyumba fulani ina mtoto mwenye ulemavu wa akili anayefungiwa ndani wageni wakija, au kwamba msichana kiziwi wa miaka tisa hajaandikishwa shule. Malalamiko ya miaka mingi ya vyama ni kwamba kamati hizi huundwa kwenye karatasi, kisha hazikutani kwa kukosa fungu la fedha.

Hesabu ya ajira

Sheria ya 2010 ilishusha kiwango cha mwajiri kutoka wafanyakazi 50 hadi 20, na kupandisha sehemu ya watu wenye ulemavu kutoka asilimia 2 hadi 3. Kwa mtazamo wa haraka ni hatua mbili mbele. Tukipiga hesabu, tatizo linaonekana.

Asilimia 2 ya watu 50 ni mtu 1 kamili, kwa hiyo sheria ya zamani ilikuwa wazi tangu mwanzo wa kiwango chake. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Mwajiri hafikishi mtu mmoja kamili mpaka awe na wafanyakazi 34. Mwenye wafanyakazi 25 anaweza kudai kwamba robo tatu ya mtu haiajiriki, na mkaguzi anaweza kumjibu kwamba sheria inasema "isiyopungua asilimia 3", kwa hiyo sifuri haitoshi. Jibu la mkaguzi ndilo lenye mantiki zaidi, lakini linahitaji mkaguzi afike.

Kuhama kwa idara

Kwa miaka mingi mambo ya ulemavu yalikuwa chini ya idara ya ustawi wa jamii, ndani ya wizara iliyobeba pia afya. Desemba 2015 Rais John Magufuli aliyahamishia Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na kazi, vijana na ajira, na kumteua Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, kuwa Naibu Waziri wa eneo hilo. Possi aliteuliwa kuwa balozi mwaka 2017. Baada yake walikuja Stella Ikupa (Oktoba 2017) na Ummy Nderiananga (Desemba 2020), wote wawili wakiwa watu wenye ulemavu.

Ofisi ya Waziri Mkuu huratibu wizara zote, hivyo suala la ulemavu halikubaki tena kuwa la hospitali na matunzo peke yake. Upande wa pili ni kwamba maofisa ustawi wa jamii, wanaokutana na wananchi kila siku, wameajiriwa na halmashauri, ambazo zina ofisi nyingine ya kuzisimamia. Agizo linalotoka juu hupita milango mingi kabla ya kufika kijijini.

Bagamoyo na pwani yake

Wilaya ya Bagamoyo inaonyesha vizuri mahali sheria inapofika na inapokwama. Wilaya ina halmashauri mbili, Bagamoyo na Chalinze, na kila moja inatakiwa kuwa na kamati yake. Mkazi wa kijiji cha Saadani anaishi ufukweni, lakini halmashauri yake ni Chalinze, bara kabisa. Kwa mtu asiyeona, au anayetembea kwa magongo, nauli ya kwenda makao makuu na ya msindikizaji wake ni sababu ya kutosha ya kuacha kufuatilia haki. Kwa sababu hiyo kamati ya kijiji ina uzito kuliko inavyoonekana katika maandishi ya sheria.

Sharti la ajira nalo huwagusa wachache hapa. Katika kata za Mapinga, Kerege na Zinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam, na kwenye hoteli na mashamba makubwa, wapo waajiri wanaovuka wafanyakazi 20. Lakini riziki ya watu wengi wa pwani inatokana na uvuvi, mnada wa samaki, mwani, ukili, chumvi, biashara ndogo na bodaboda. Nahodha na mabaharia wake sita si mwajiri anayefikiwa na asilimia 3.

Kwa watu wa namna hiyo, mabadiliko yaliyogusa mfuko yalitoka katika sheria nyingine. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi za usimamizi kuonekana nchini, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri yenye mapato madogo hutoa asilimia 2 iliyo ndogo pia, hata kama idadi ya wenye mahitaji ni kubwa.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo una mgongano wake. Sheria ya 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Majengo ya kihistoria kama Boma la Wajerumani na Karavanserai yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hayawezi kubomolewa ngazi ovyo. Mteremko wa mbao unaoweza kuondolewa hutimiza sheria zote mbili kwa gharama ndogo, na fundi wa majahazi angeutengeneza kwa siku moja.

Zanzibar na nchi jirani

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, Zanzibar ilitangulia. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu (Haki na Fursa) mwaka 2006, miaka minne kabla ya Bara, na ikaanzisha Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Sheria mpya ilifuata mwaka 2022.

Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 2003. Baraza lake la taifa lilipewa nafsi ya kisheria, kazi ya kuwaandikisha watu wenye ulemavu, na uwezo wa kutoa amri ya kumtaka mwenye jengo alirekebishe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 54, inataka watu wenye ulemavu wafikie hatua kwa hatua asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na sheria ya 2003 ilibadilishwa na nyingine mwaka 2025. Uganda ilikuwa na sheria mbili, moja ya baraza (2003) na nyingine ya haki (2006), ikaziunganisha katika sheria moja mwaka 2020.

Ukubwa wa suala

Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu. Sensa ya 2012 ilitoa asilimia 9.3, na ile ya 2022 asilimia 11.2. Maswali na njia za kuuliza hazikufanana kila mara, kwa hiyo ongezeko hilo lisichukuliwe kuwa watu wameongezeka kwa kiasi hicho. Huenda wengi zaidi wamehesabiwa kuliko zamani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataja hali ya ulemavu katika ibara ya 11, pamoja na uzee na maradhi, kama hali inayompa mtu haki ya kusaidiwa. Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, inaorodhesha utaifa, kabila, rangi, dini, jinsia na mengine. Ulemavu haumo kwa jina katika orodha hiyo.