Kigiriki cha Alabama si Kigiriki cha Howard

Kila Agosti, joto la Alabama likiwa halijapungua, zaidi ya wasichana elfu mbili wa Chuo Kikuu cha Alabama huvaa magauni yao mazuri na kupita nyumba hadi nyumba mjini Tuscaloosa wakitafuta chama cha kuwapokea. Siku ya mwisho hukusanyika katika uwanja wa mpira wa Bryant-Denny, hufungua bahasha kwa pamoja, kisha hutimua mbio kwa vifijo kuelekea nyumba iliyowachagua. Mwaka 2021 video zao zilitapakaa TikTok, na watu ambao hawajawahi kuikanyaga Marekani wakakaa kubishana ni nani kapata chama kizuri.

Vyama hivyo vya wanafunzi, vya kaka upande mmoja na vya dada upande wa pili, hujiita kwa herufi mbili tatu za Kigiriki. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, na baadaye kikageuka kuwa chama cha heshima cha wasomi. Mtindo tunaoujua leo ulishika mizizi Union College, New York, kuanzia 1825. Anayevitazama kwa mbali huona kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kila chuo kina Kigiriki chake.

Alabama, chama ni jumba: nguzo nyeupe, mpishi, na ada inayofika maelfu ya dola kwa mwaka. Karibu theluthi moja ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wamo humo. Kuna pia muungano wa vyama hivyo uitwao Machine, ambao kwa miongo mingi umetajwa kuwa ndio unaopanga nani aongoze serikali ya wanafunzi. Mwaka 1963 Gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa chuo hicho kuwazuia wanafunzi weusi wawili. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2013, gazeti la wanafunzi, Crimson White, lilifichua kwamba wanachama wa zamani wa vyama vya dada walikuwa wakizuia wasichana weusi wasipokewe. Ndipo chuo kikalazimisha milango ifunguliwe.

Weusi hawakusubiri hisani hiyo. Vijana saba walianzisha Alpha Phi Alpha katika chuo cha Cornell mwaka 1906, na chuo cha Howard, jijini Washington, kikawa ndicho kitovu: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, Delta Sigma Theta 1913, na vingine vikafuata. Dada wa Delta walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu walipoingia barabarani, Machi 1913, kudai kura ya wanawake. Howard usitafute safu ya majumba ya kifahari. Chama kina mti wake na kona yake katika uwanja wa kati, kina rangi zake na michezo yake ya kupiga hatua kwa mdundo. Wala uanachama hauishi kwa kuvaa joho; bibi wa miaka sabini bado hulipa ada na kwenda mkutanoni. Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria walikuwa wanachama wa kimojawapo cha vyama hivi vya weusi, Phi Beta Sigma. Kamala Harris alipogombea urais mwaka 2024, dada zake wa Alpha Kappa Alpha walikuwa mtaji wa siasa usiodharaulika.

Hata hivyo, mateso ya kuwapokea wageni yako pande zote. Aliyewahi kuwa njuka shule ya bweni ataelewa haraka, ila huko huongezwa pombe. Mwaka 2017, katika chuo cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa hadi akaanguka ngazini. "Kaka" zake wakakaa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada. Alifariki. Na kuna utaratibu usiosemwa sana: vyama vya dada kwa kawaida haviruhusu pombe nyumbani mwao. Kwa hiyo sherehe hufanyika kwa wanaume, nao ndio huamua nani aingie na anywe nini.

Ndiyo maana mimi nawapa haki Williams College, Massachusetts. Mwaka 1962 chuo hicho kiliamua kwamba malazi, chakula na burudani ni kazi ya chuo chenyewe, na vyama vikakosa pa kushika. Chuo cha Bowdoin nacho kilivifuta miaka ya tisini. Vyuo vyote viwili bado vinagombaniwa na waombaji.

Mzazi ambaye mwanao anaelekea huko, usiulize tu kama chuo kina vyama. Uliza wanafunzi wanalala wapi, na sherehe ni za nani. Tangu sheria ya Desemba 2024, vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya kutesa wageni. Isome orodha hiyo kabla ya kulipa ada.