Bao la Mashimo 11

Kwa miaka miwili mlango wa chumba changu ulizuiwa na ubao wa mninga wenye mashimo 11. Ungefika mashimo 32 ungeitwa bao, ungekaa barazani, na jioni watu wangegombania zamu. Ulipofika la 11 ukasimama. Ukapewa kazi ya mlango, na kusema kweli kazi yake uliifanya vizuri kuliko mimi nilivyoifanya yangu.

Kila aliyeuona alikuwa na maelezo. Mke wangu alisema mimi ni mtu wa kuanza. Jirani kila akipita alichungulia: "Fundi, bao letu vipi?" Nikamjibu, "Lipo jikoni," jibu ambalo halikumdanganya mtu. Mwenyewe nilishika maelezo ya wengi, kwamba hamu imekwisha. Ndivyo tunavyosema kuhusu sweta lililofumwa mkono mmoja, shairi lenye beti tatu, baiskeli iliyofunguliwa ikabaki vipande ndani ya gunia.

Siku hizi maelezo hayo siyaamini. Kwanza hayakuambii ufanye nini. Ukishaambiwa hamu imekwisha, unabaki kuisubiri kama mvua. Pili, kwangu hayakuwa kweli. Bao nililitaka. Hata nilipojikwaa nalo gizani nikienda msalani, nililitaka. Kilichokwama kilikuwa kitu kingine, na kilikuwa pale pale juu ya ubao, kimechorwa kwa penseli.

Bao lina mistari minne ya mashimo manane manane. Nilianza na mstari wa nje wa upande mmoja. Shimo la kwanza lilinichukua jioni nzima, likatoka kama unyayo wa ng'ombe kwenye tope. La pili lilikuwa afadhali. Nilipofika la nane mkono ulishajua patasi iingie kwa pembe gani, nyundo ya mbao ipige kwa uzito gani, na wakati gani wa kuacha kuchimba na kushika msasa. Hapo likazuka tatizo ambalo sikulitarajia: nikaanza kulionea haya shimo la kwanza. Jicho lilikuwa limekua pamoja na mkono. Nikawaza nitafute ubao mwingine, nianze upya, sasa kwa kuwa najua. Nadhani kazi nyingi za mikono hufa kwa namna hii, na hufa kwa heshima, maana mwenyewe anaona anafuata ubora. Lakini huo ubao wa pili nao ungekuwa na shimo la kwanza.

Hilo nilivuka. Nikaingia mstari wa ndani kutoka kulia: la 9, la 10, la 11. Lililofuata lilikuwa nyumba.

Wacheza bao wanaijua. Ni lile shimo la mraba, moja kwa kila mchezaji, ambalo mchezo mzima huzunguka kulilinda au kulivunja. Nami mashimo ya mviringo nilishayazoea, lakini ya mraba sikujua pa kuyaanzia. Kona nne zilizonyooka, ndani ya mbao ngumu ambayo nyuzi zake hazifuati mstari wako. Jioni ile nikaunoa mdomo wa patasi, nikautazama mraba wa penseli, nikasema nitafanya Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na msiba. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mpira. Miezi ikapita, na ningeapa kwamba ni hamu iliyokwisha.

Mwanasaikolojia Maria Ovsiankina, aliyekuwa Berlin, alichapisha mwaka 1928 majaribio ambamo watu walipewa vijikazi, wakakatizwa katikati. Wengi, walipopata nafasi, walivirudia wenyewe bila kuombwa. Matokeo hayo hutumika kuonyesha kwamba kazi iliyoachwa njiani humvuta mtu. Mimi bao lilinivuta kweli, ila kila nilipolikaribia nilikutana na kitu nisichokijua, nikageuka. Wale wa Berlin, kwa maoni yangu, walikuwa na bahati moja: walijua hatua inayofuata. Mtu aliyekatizwa akijua mkono wake utaenda wapi hurudi. Asipojua, mvuto wenyewe unageuka kuwa kero, naye anautupia ubao nyuma ya mlango.

Haya ya hatua inayofuata sikuyapata vitabuni. Niliyaona Pangani kwa shangazi yangu, ambaye sijawahi kumkuta mikono mitupu. Alikuwa amekaa kibarazani, ukindu uliochanwa uko pembeni kwenye beseni, umerashiwa maji ulainike. Nikampa shikamoo, akanipokea, vidole havikusimama. Nikamuuliza mkeka ule ataumaliza lini.

"Mkeka gani, mwanangu? Huu ukili tu."

Alikuwa hatanii. Mkeka wa ukindu hausukwi ukiwa mkeka. Husukwa ukili, utepe wa upana wa vidole vichache, unaoendelea pima baada ya pima na kuviringishwa kama mpira wa hosi. Ukishatosha ndipo hukaa mtu akaushona ukili kwa ukili mpaka upatikane upana. Shangazi hakuwa na jambo la kuumaliza siku ile. Alikuwa na ncha, na kwenye ncha kulikuwa na miguu ya ukindu imetokeza nje, mingine mirefu, mingine inakaribia kuisha. Mguu unapokaribia kuisha huchomeka mpya kabla wa zamani haujapotea. Jikoni sufuria ilipofurika aliuweka chini hivyo hivyo, ncha wazi. Aliporudi vidole viliingia pale pale vilipotoka. Sikuona kujikusanya, sikuona kujipa moyo.

Linganisha na mimi. Kabla sijagonga patasi mara moja ilinipasa kutafuta ufunguo wa stoo, kumwomba jirani jiwe la kunolea, kufagia nafasi, kisha kujiuliza nilikuwa nimefikia wapi. Nusu saa imekwenda, na bado mbele yangu kuna mraba.

Kuna pia suala la hesabu, ambalo nalipitia haraka kwa sababu kila mtu analijua kwa uchungu. Nilijiambia bao litachukua mwezi. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Kanada, Buehler, Griffin na Ross, walichapisha utafiti ambao sehemu yake iliwahusu wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34, ikawachukua takriban 56. Si ugonjwa wa wasiojua kazi. Donald Knuth, mmoja wa magwiji wa kompyuta duniani, alisimamisha kitabu chake miaka ya 1970 ili atengeneze programu ya kupanga kurasa akidhani ni kazi ya muda mfupi, ikamla takriban miaka kumi. Mwenye makosa si ratiba iliyovunjika bali yule anayeitazama baadaye akaisoma kama hati ya mashtaka. Mwezi wangu ulipokwisha nikiwa na mashimo 11 nilijiona nimeshindwa, ilhali nilikuwa nimevuka theluthi.

Na theluthi ina thamani kubwa. Nunes na Drèze, watafiti wa Marekani, mwaka 2006 walieleza jaribio la kadi 300 kwenye mahali pa kuoshea magari. Nusu ya wateja walipewa kadi ya kugongwa mihuri minane ili waoshewe gari bure. Nusu nyingine walipewa ya mihuri kumi, miwili tayari imegongwa. Wote walibakiwa na minane. Kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19, la pili 34. Ile mihuri miwili ilikuwa ya bure. Mimi mihuri yangu 11 nilikuwa nimeitoa jasho, na nikaigeuza ielekee ukuta.

Katikati ya miaka hiyo miwili alitokea mtu wa kulinunua bao. Akalishika, akaligeuza, akasema likiisha nimtajie bei. Nilifurahi kwa siku mbili, kisha bao likawa deni. Watoto wa chekechea waliochunguzwa na Lepper, Greene na Nisbett mwaka 1973 walikuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, wakapewa, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao katika muda wao wa kucheza. Sisemi usiuze. Nasema kazi ya mapenzi ikipata tajiri inabadilika jina, na ni heri ujue mapema. Nilimwambia haliuzwi.

Zipo kazi za kuacha, na kuziacha si aibu. Nina gitaa ambalo nimempa mpwa wangu, kwa sababu nilipojiuliza ni hatua gani inayofuata, jibu nililijua wazi: nyimbo tatu, vidole vile vile, kila jioni. Nililijua na sikulitaka. Hiyo ndiyo hamu iliyokwisha kweli, na inatofautiana na bao kama usiku na mchana.

Niliporudi kutoka Pangani nilibeba ubao mpaka kwa seremala wa mtaa wa pili. Sikumwomba alimalizie. Nilimwomba anionyeshe kona. Alicheka, akachukua patasi bapa, akaigonga kwanza kwa kukata nyuzi za mbao pande mbili, ndani kidogo ya penseli, kisha akazungukia zile pande zinazofuata nyuzi. "Ukianzia huku inapasuka," akasema. Hayo tu. Maelezo ya dakika mbili dhidi ya miaka miwili.

Nyumba nilichimba kesho yake. Kona moja imetafunwa kidogo, na nimeiacha. Patasi sasa inakaa kwenye kikapu karibu na kiti ninachokalia jioni, na kabla sijaondoka huligonga shimo linalofuata mara tatu nne, ili kesho nilikute limeshaanza. Nimefika la 19. Jirani anaendelea kuuliza, nami namwonyesha. Mlango tumeuwekea tofali.