Bia nyeusi ya Kilombero: viungo vipo, pipa halipo

Katika kijiji cha Mbingu, kando ya barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba, punje mbichi za kokoa humwagwa kwenye masanduku ya mbao, zikafunikwa na kuachwa zifukute. Hamira huvamia utelezi mtamu unaozizunguka na kugeuza sukari kuwa kileo. Kisha bakteria hukigeuza kileo hicho kuwa siki, na joto la ndani hupanda hadi kukaribia nyuzi 50. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kazi hapo mwaka 2013, hununua kokoa mbichi kwa wakulima na kuivundika mahali pamoja. Zao hilo limefika hadi San Francisco, Marekani, kwa watengenezaji wa chokoleti wa Dandelion, ambao huandika jina la Kokoa Kamili kwenye karatasi ya kufungia.

Kwa siku ya kwanza na ya pili, basi, sanduku la Mbingu ni chombo cha pombe.

Jambo hilo lingewavutia watengenezaji wa bia nyeusi kali, aina ambayo wanywaji wengi wa Tanzania hawajaionja. Guinness na Castle Milk Stout wanazijua, lakini hizo ni nyepesi zikilinganishwa nayo. Asili ya bia hiyo nzito ni London ya karne ya 18, ilikotengenezwa na kusafirishwa hadi Urusi. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kiliilaza kwenye mapipa yaliyokuwa na wiski. Huko California, Russian River walichukua mapipa ya mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon, wakayajaza bia yao nyeusi iitwayo Consecration, yenye kileo cha asilimia 10. Safari Lager ina asilimia 5.5.

Pipa la mvinyo la kawaida hubeba lita 225, na si chombo cha kuhifadhia tu. Mti wa mwaloni huipa bia harufu ya vanila na ule ukakasi unaokausha ulimi. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, na ukali wa bia hupungua mwezi baada ya mwezi. Mvinyo ulionywewa na mbao hurudi ndani ya bia. Watengenezaji wa Consecration huongeza pia hamira za mwituni na bakteria wa maziwa lala, ili bia ichachuke kwa makusudi.

Anayeionja bia ya namna hii haimimini ikiwa baridi kama barafu, kwa sababu baridi huua harufu. Humwaga kidogo kwenye glasi, huizungusha na kuinusa kabla ya kunywa. Kwanza huja uchungu wa nafaka iliyoungua na kahawa, kisha chokoleti, halafu uchachu wa zabibu. Joto la kileo hushuka kifuani mwishoni. Glasi moja hunywewa polepole, pengine na watu wawili.

Mtu aliyezoea vilabu vya pombe za kienyeji angeutambua uchachu huo mara moja. Komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi inayonywewa sana mikoa ya Morogoro, Iringa na Mbeya, huupata kutoka kwa bakteria wa jamii ileile. Hata ladha ya kuungua si ngeni Afrika Mashariki. Kwa busaa ya magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi uliochachushwa hukaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia, ndipo uchanganywe na kimea cha ulezi. Mtengeneza bia nyeusi wa Ulaya hufanya kazi hiyohiyo kwa shayiri.

Kinachotofautiana ni muda. Komoni ikiwa tayari inaendelea kuchachuka ndani ya ndoo, na mteja anajua kuwa ya asubuhi na ya jioni si pombe moja. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa, ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa leo ni mtamu, na ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali. Siku chache zikipita, pombe hizi huharibika. Muuzaji lazima auze leo, na mnywaji hunywa kwa lita.

Hapo ndipo kipato kinapopotea. Na malighafi ya bia inayodumu haikosekani: Bonde la Kilombero lina miwa, na kiwanda cha sukari cha Kilombero, upande wa Kidatu, huzalisha molasi, sharubati nzito na nyeusi ambayo watengenezaji wengi wa bia kali huitumia kuongeza kileo na rangi. Leo molasi hukenekwa kuwa spiriti. Sehemu ya soko la spiriti za bei nafuu ilitikisika Machi 2017, serikali ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali za pakiti ndogo za plastiki. Bia inayouzwa kwa ladha na umri wake, kwa chupa chache na kwa bei ya juu, ni biashara ya aina nyingine kabisa.

Tahadhari moja inawahusu wakazi wa Ifakara, mji wenye taasisi kubwa ya utafiti wa malaria. Utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watu waliokunywa bia ya kienyeji ya mtama waliwavutia zaidi mbu waenezao malaria. Anayekaa nje usiku na glasi yake ajikinge.

Orodha ya viungo haina pengo kubwa: ulezi, molasi ya Kidatu, kokoa ya Mbingu. Mvinyo upo Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na pipa la mwaloni lililotumika linaweza kuagizwa. Watengenezaji wa bia wa Dar es Salaam wanaotafuta ladha ya Tanzania waanzie Kilombero, na wakifika wawalipe ushauri akina mama wapika komoni, kwa maana uchachu wanaujua kuliko yeyote.