Kambini, hesabu saa kabla ya kuhesabu kliniki

Wasee, ukitaka kujua kama huduma za afya ya uzazi zinafanya kazi kambini, usianze kwa kuhesabu kliniki. Anza na saa.

Msichana akibakwa, dawa za kuzuia HIV lazima aanze kuzimeza kabla ya saa 72 kuisha. P2 nayo, kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Sasa fikiria msichana wa Ifo au Hagadera, kule Dadaab, usiku wa manane. Anaenda hospitali na nani? Akifika, nani anamtafsiria? Akikuta mkalimani ni jirani ya mamake, stori imeisha hapo. Atasema anaumwa na kichwa, apewe panadol, arudi nyumbani. Saa nazo zinaenda.

Ndiyo maana tathmini za kutia tiki huniboesha. Mtu anatua na tableti yake, anauliza: mna wakunga? Tuko nao. Kondomu? Ziko. Sawa, tiki. Lakini kama kondomu ziko kwa droo ya daktari, kijana wa miaka 17 ataziomba vipi mbele ya foleni ya kina mama?

Si eti mwongozo hakuna. Tangu miaka ya tisini mashirika yana orodha ya huduma za lazima dharura ikizuka: kutibu waliobakwa, kuzuia HIV, kuzalisha salama, kuzuia mimba zisizotarajiwa. Poa. Ila Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Kuna wamama waliozaliwa humo, na sasa wanajifungua humo humo. Huo ni mtaa bana, utaupimaje na orodha ya wiki ya kwanza? Hata mwongozo wenyewe unasema mambo yakitulia, watu wapewe huduma kamili.

Halafu 2025 Marekani ikakata misaada, na mgao wa chakula Kakuma ukapunguzwa. Usidhani hiyo ni stori ya tumbo tu. Mjamzito anahitaji kula ndiyo awe na damu ya kutosha siku ya kujifungua. Na msichana mwenye njaa akipata mtu wa "kumsaidia", msaada huo anaulipia na nini? Hiyo sijawahi kuona kisanduku chake kwa fomu.

Wanaoenda huko na fomu mwaka huu, waongeeni na wasichana peke yao, bila wazee wa kambi kukaa pembeni wakisikiliza. Na mkalimani, wamchague wenyewe.