Haki ya Yatima Katika Ajali ya Barabarani

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, njia ya Kilwa na Lindi haina tena usiku wa kupumzika, na misiba ya magari yatufikia majumbani.

Iko desturi moja matangani ambayo yapasa itazamwe. Mwendesha bodaboda hugongwa na lori usiku, tuseme hapo Nangurukuru, akafa. Wazee husema: "Marehemu naye hakuwa na taa, hatuna la kudai." Matanga yakaondolewa, watoto wakabaki.

Kauli hiyo haisimami kwa fikihi wala kwa sheria ya serikali. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, aeleza habari za wapanda farasi wawili waliogongana bila kukusudia wakafa: upande wa kila mmoja hudaiwa nusu ya dia ya mwenziwe. Nusu ya pili huanguka, kwa kuwa kila mtu alishiriki katika mauti yake mwenyewe. Kosa la marehemu hupunguza haki, haliifuti.

Sheria ya Tanzania, Sura ya 310, yafuata njia iliyo karibu na hiyo, ila haikukifunga kipimo katika nusu. Hakimu hupima. Hasara ikiwa shilingi 20,000,000, na marehemu akaonekana ana robo ya kosa, jamaa zake hupata 15,000,000. Wala fedha hiyo si lazima itoke mfukoni mwa dereva maskini, maana Sura ya 169 yalazimisha gari liwe na bima kwa ajili ya wanaodhurika njiani.

Twajua kusamehe kuna thawabu, na Suratun Nisaa, aya ya 92, yawapa jamaa ruhusa ya kuiacha dia iwe sadaka. Lakini asameheye husamehe kilicho chake. Fungu la mtoto asiyebaleghe si la ami kulitoa, hata mwenye gari akija na magunia mawili ya mchele (nayo tumeyaona!).

Atakaye kudai na aanze mapema polisi, apate ripoti ya ajali na mchoro wake, kisha cheti cha kifo, na nakala ya hukumu ikiwa dereva alishitakiwa. Dai hupelekwa kwa kampuni ya bima na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakishindwana, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Muda wa kufungua shauri la madhara ni miaka 3. Mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 si lazima atoke: ndugu yake aweza kuanza kuzikusanya karatasi hizo.