Uzito wa Bastola Kiunoni

Nchini Marekani, ambako haki ya raia kumiliki silaha imelindwa na Marekebisho ya Pili ya Katiba tangu mwaka 1791, watu wengi hutembea na bastola iliyofichwa ndani ya nguo kwa nia ya kujihami. Wanaotaka kununua silaha ya namna hiyo huanza mara nyingi kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi, ilhali bastola ya kujihami hukaa kiunoni maelfu ya saa na huenda isifyatuliwe hata mara moja katika maisha ya mwenyewe. Kwa hiyo bastola inayofaa ni ile inayoweza kubebwa kwa usalama katika saa hizo zote, na ambayo mwenyewe ameizoea kiasi cha kulenga sawasawa katika sekunde chache za hatari.

Sheria hutangulia chuma. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka New York, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mwombaji wa kibali athibitishe kuwa ana sababu ya pekee ya kubeba silaha, na leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali chochote. Hata hivyo, kibali cha jimbo moja si lazima kitambuliwe na jimbo jirani, na yapo maeneo ambamo silaha hairuhusiwi kabisa. Msomaji wa Afrika Mashariki mwenye ndugu huko afahamu pia kwamba mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, akiwamo mwanafunzi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Bastola za kubebwa hivi ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni rivolva, yenye silinda inayozunguka na matundu ambamo kila risasi hukaa peke yake; mfano wake mashuhuri ni rivolva ndogo ya risasi tano iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka 1950. Haihitaji kukokiwa, lakini kifyatulio chake ni kigumu, kwani kidole hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo tano hivi. Ya pili ni bastola ya magazini, ambayo risasi zake hupangwa ndani ya kasha linaloingizwa kwenye mpini, na kila inapofyatuliwa sehemu yake ya juu huteleza nyuma, hulitupa nje ganda tupu, kisha hurudi mbele na kuingiza risasi nyingine. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, huchukua risasi 15 katika magazini yake ya kawaida, na SIG Sauer P365 ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba risasi 10 zinaweza kutoshea katika bastola yenye unene wa sentimita mbili na nusu tu.

Ugumu wa kuchagua umo katika uzito. Rivolva ndogo ya aluminiamu ina gramu zipatazo 410, na Glock 19 bila magazini ina gramu zipatazo 600. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kiuno huihisi kufikapo jioni, na mkono huihisi kwa namna iliyo kinyume, kwa sababu risasi ileile huisukuma nyuma silaha nyepesi kwa kishindo kikubwa zaidi. Mpini mfupi hukiacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani bila pa kushika, na mtutu mfupi husogeza pamoja alama mbili za kulengea, hata kosa dogo la jicho likawa kosa kubwa kwenye shabaha. Basi anayenunua iliyo ndogo kuliko zote kwa kuwa hufichika upesi, aghalabu huumia mkono akifanya mazoezi, na huishia kuyaacha; naye anayenunua kubwa kupita kiasi huichoka, akaisahau ndani ya gari, mahali ambapo wezi huitafuta.

Kuhusu ukubwa wa risasi, historia imetoa fundisho. Baada ya mapigano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, lawama zilielekezwa kwenye risasi ya milimita 9, na kutoka katika msako wa risasi kubwa zaidi ikazaliwa ile iitwayo .40 mwaka 1990. Lakini katikati ya muongo wa 2010 FBI ilirejea kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi hizo zilikuwa zimeboreshwa na wapigaji wengi walilenga vizuri zaidi kwa silaha isiyowatikisa sana.

Kitu kinachopuuzwa kuliko vyote ni ala, yaani mfuko wa kuhifadhia bastola mwilini. Ala nzuri ni ngumu, hukifunika kifyatulio chote na haibonyei bastola inapochomolewa. Ala laini iliyochakaa hukunjamana mdomoni, na mkunjo wake, au pindo la shati lililoingia pamoja na bastola, unaweza kukivuta kifyatulio wakati mwenyewe anairudisha kiunoni. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza kwamba bastola irudishwe polepole, kwa kutazama, kidole kikiwa nje.

Hatimaye uzito wa silaha humfuata mwenyewe hadi nyumbani. Anayeivua jioni na kuiweka mezani huwa ameikabidhi kwa mtoto anayetambaa, na zaidi ya nusu ya vifo vinavyosababishwa na bunduki Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Kwa hiyo sanduku la chuma lenye kufuli ni sehemu ya bei ya bastola, na mtu asiyeweza kulinunua, asiye na muda wa mazoezi, au anayeishi na mwenzi aliyekata tamaa ya maisha, huwa amechagua kwa busara akirudi nyumbani bila bastola yoyote.